Diazepamu (Valium): uzi kwa wanaoitumia, wanaoiogopa na wanaoinunua bila cheti

Mwanzisha mada

Wanajamvi, nawasalimu. Nimefanya kazi ya ufamasia kwa miaka mingi, kwanza katika hospitali ya wilaya na sasa katika duka la dawa la mtaani, na sijaona dawa inayoeleweka vibaya na pande zote mbili kama diazepamu. Yuko mzazi anayekataa mtoto wake asipewe dawa hii huku mtoto anatetemeka na macho yamegeuka, kwa kuamini kwamba sindano itamwua. Na yuko mtu mzima, pengine wa mtaa huohuo, anayekuja kila wiki kuomba "vile vya njano" ili apate usingizi, akanuna nikimwomba cheti cha daktari. Wa kwanza anaiogopa mahali inapookoa, wa pili anaizoea mahali inapodhuru, na kwa maoni yangu wote wawili wanakosea kwa sababu moja: hawajaelezwa dawa hii inafanya nini ikishaingia mwilini.

Diazepamu ni jina la kitaalamu. Valium ni jina la kibiashara ambalo kampuni ya Roche ililitumia ilipoitoa sokoni mwaka 1963. Aliyeibuni ni mkemia Leo Sternbach, aliyesoma na kufanya utafiti Kraków nchini Poland, akahamia Marekani mwaka 1941 kwa sababu ya vita, akaendelea na kazi katika maabara za Roche mjini Nutley, New Jersey. Katika miaka ya 1950 alizirudia kemikali alizowahi kuzitengeneza Kraków alipokuwa akitafuta rangi. Nyingi hazikuonyesha faida yoyote, na mojawapo ilibaki rafuni hadi mwaka 1957, maabara ilipokuwa ikisafishwa, ndipo ikapelekwa kujaribiwa kwa wanyama na kuonekana kwamba inatuliza na kulegeza misuli bila kumlaza mnyama kabisa. Hiyo ndiyo iliyouzwa kwa jina la Librium kuanzia mwaka 1960, na diazepamu ni mdogo wake mwenye nguvu zaidi. Kundi lote la dawa hizi linaitwa benzodiazepini.

Kabla yake, watu waliokosa usingizi au waliokuwa na wasiwasi walipewa barbiturati, ambazo fenobabitali tunayoitumia hadi leo kwa kifafa ni mojawapo. Tofauti kati ya makundi haya mawili inafaa kuelezwa taratibu, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha kwa nini madaktari walifurahi mno, na kwa nini baadaye walijutia sehemu ya furaha hiyo.

Ubongo una kemikali yake ya kutuliza, inayoitwa GABA. Inaposhika mahali pake kwenye seli ya neva, hufungua kijimlango ambacho chembe za kloraidi hupita kuingia ndani, na seli hiyo inakuwa nzito kuamshwa. Diazepamu haiufungui mlango huo yenyewe. Inakaa pembeni, mahali pake pengine kwenye mlango uleule, na kuufanya ufunguke mara nyingi zaidi kila GABA inapobisha. Barbiturati huuacha mlango wazi kwa muda mrefu, na dozi ikizidi huufungua hata GABA isipokuwapo. Ndiyo maana barbiturati zikizidi huzima pumzi, ilhali mtu mzima mwenye afya aliyemeza diazepamu peke yake kupita kiasi mara nyingi hulala sana na kuamka. Neno la kushika hapo ni "peke yake". Akiongeza pombe, tramadoli, mofini au heroini, kinga hiyo haipo tena, maana vitu hivyo navyo vinaikandamiza pumzi kwa njia zao, na viwili vikikutana mtu anaweza kuacha kupumua akiwa usingizini bila hata kutapatapa. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo la ngazi ya juu kabisa kuhusu kuchanganya benzodiazepini na dawa za jamii ya mofini liandikwe kwenye dawa za makundi yote mawili. Wanaofanya kazi na vijana wanaotumia unga Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa au Malindi wanaujua mchanganyiko huo bila kusoma onyo lolote.

Sifa ya pili ni kwamba diazepamu huyeyuka katika mafuta, na katika maji huyeyuka kwa shida sana. Ubongo una mafuta mengi, kwa hiyo ikidungwa kwenye mshipa huufikia ndani ya dakika chache na degedege hukoma. Kisha hutoka kwenye ubongo na kusambaa kwenye mafuta ya mwili mzima, ndiyo sababu mtoto anaweza kutulia na kuanza tena kutetemeka baada ya dakika 20 hivi, ingawa dawa yenyewe bado imo mwilini. Kuisha kwake kabisa ni jambo jingine. Mwili huchukua kati ya saa 20 na 50, na kwa wazee zaidi ya hapo, kuondoa nusu tu ya dozi moja, na wakati huohuo ini huigeuza kuwa nordiazepamu, ambayo nayo ni dawa kamili na nusu yake inaweza kukaa saa 100 na zaidi. Kwa hiyo anayemeza kidonge leo, kesho na keshokutwa anaongeza juu ya mabaki ya jana na juzi. Naomba mlikumbuke hilo tutakapofika kwenye habari ya usingizi.

Karibuni kwa maswali. Sitamwandikia mtu dozi yake hapa, nitaeleza ninachokijua.

Mchangiaji wa pili (mzazi)

Shikamoo daktari, na kama ni mfamasia bado shikamoo. Mwanangu ana miaka mitatu. Mwaka jana alipata degedege la homa, na mama mkwe wangu alikataa katakata asipelekwe hospitali kwanza. Alimfukizia kinyesi cha tembo, akasema hiyo ni kazi ya dege, na mtoto mwenye dege akichomwa sindano hafiki asubuhi. Tulipofika kituoni alikuwa ameshatulia mwenyewe. Mama mkwe akasema mnaona? Nami sikuwa na la kujibu. Sasa nauliza: dawa hii ingemsaidia au ingemwua? Na ikitokea tena usiku nifanye nini, maana kituo kiko mbali?

Mwanzisha mada

Marahaba, mama. Umeuliza jambo lililonifanya nianzishe mada hii, kwa hiyo utanivumilia nikirefusha.

Jina lenyewe, degedege, limebeba ile imani kwamba dege kubwa humpitia mtoto usiku na kumshtua. Siwabezi wazee walioamini hivyo. Walichokiona walikiona kwa macho yao: mtoto aliyelala salama anakakamaa ghafla, macho yanageuka, anatetemeka, kisha anatulia kama hakuna lililotokea. Degedege nyingi za homa kwa watoto kati ya miezi sita na miaka mitano hukoma zenyewe kabla ya dakika tano, awe amefukiziwa au hakufukiziwa, na ndivyo ilivyokuwa kwa mwanao. Habari ya sindano nayo ina chanzo chake. Mtoto mwenye malaria iliyopanda kichwani alizungushwa kwa waganga siku mbili, akafikishwa hospitali hali imeshakuwa mbaya, akadungwa sindano, akafa. Kilichoonekana mwisho ni sindano, na sindano ikabeba lawama ya siku mbili zilizopotea.

Degedege linaloendelea zaidi ya dakika tano haliachwi likome lenyewe. Kadiri linavyorefuka ndivyo linavyokuwa gumu kulizima, na ubongo unakosa hewa na sukari. Hapo ndipo diazepamu inapofanya kazi yake halisi. Hospitalini hutolewa kwenye mshipa taratibu, na mshipa usipopatikana hupitishwa njia ya haja kubwa, kwa bomba la sindano lililoondolewa sindano, kwa kipimo cha nusu miligramu kwa kila kilo ya uzito wa mtoto. Mtoto wa kilo 10 hupata miligramu 5, yaani mililita moja ya ile dawa ya kawaida ya ampuli, kile kichupa kidogo cha kioo. Matako hubanwa pamoja kwa dakika chache ili dawa isirudi nje. Kama degedege halijakoma baada ya dakika 10, dozi moja nyingine inaweza kutolewa. Baada ya hapo anayeongeza tena na tena anaitafuta hatari ya kumzimia mtoto pumzi, na wahudumu wenye ujuzi huhamia dawa nyingine.

Nataka kueleza kwa nini njia ya haja kubwa na si sindano ya msuli, kwa sababu nimewahi kuona sindano ya msuli ikidungwa kwa haraka na woga. Kwa kuwa haiyeyuki vizuri katika maji, diazepamu ya ampuli huyeyushwa katika mchanganyiko wenye kileo na propilini glaikoli. Ikidungwa msulini huuma sana na hunyonywa polepole tena bila mpangilio, ilhali ukuta wa njia ya haja kubwa una mishipa mingi na huinyonya haraka. Kwa sababu hiyohiyo haifai kuchanganywa ovyo kwenye chupa ya maji ya dripu, kwani hutia ukungu na kuganda, na plastiki ya mirija huinyonya dawa kabla haijamfikia mgonjwa.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba kwa degedege lile lililokoma lenyewe mwanao hakuhitaji diazepamu, ila alihitaji kufika kituoni apimwe malaria na sukari na kutafutiwa chanzo cha homa. Lingezidi dakika tano, diazepamu ingemsaidia, na hatari yake kubwa, ya kupunguza pumzi, ndiyo ambayo muuguzi aliyekaa pembeni yake anaiangalia.

Likitokea tena usiku, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kitu mdomoni, iwe kijiko, maji au dawa ya kunywa, na utazame saa. Usimzuie kwa nguvu kutetemeka. Ondokeni kwenda kituoni wakati huohuo, bila kusubiri dakika tano zitimie, kwa kuwa kituo kiko mbali. Na umwambie mama mkwe, kwa heshima zote, kwamba mkitaka kufukiza mtafukiza mkirudi.

Mchangiaji wa tatu (mkunga)

Naongeza kwa upande wa wajawazito. Tulipokuwa wanafunzi, mama mjamzito mwenye kifafa cha mimba alidungwa diazepamu kama wagonjwa wengine wa kutetemeka, na wapo wahudumu wa zamani ambao mkono wao bado unakimbilia ampuli hiyo. Utafiti mkubwa wa nchi nyingi uliotangazwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba wanawake waliopewa magnesiamu salfeti walirudiwa na degedege kwa kiwango cha chini kwa asilimia 52 kuliko waliopewa diazepamu. Tangu hapo magnesiamu ndiyo dawa ya kwanza, na miongozo ya Shirika la Afya Duniani inasema hivyo. Diazepamu nyingi karibu na kujifungua humfanya pia mtoto azaliwe mlegevu, anyonye kwa shida na ashindwe kutunza joto. Naomba mwanzisha mada usiiache hii, maana mtu akisoma "dawa ya degedege" anaweza kudhani ni degedege lolote.

Mwanzisha mada

Dada mkunga, nashukuru, na nakubali kwamba nilipaswa kulisema mapema. Degedege si ugonjwa mmoja. Katika kifafa cha mimba magnesiamu inatangulia. Mtoto aliyeshuka sukari anahitaji sukari, na diazepamu bila sukari haitamsaidia. Katika pepopunda, hata hivyo, diazepamu ina nafasi kubwa kwa sababu hulegeza misuli kupitia uti wa mgongo, na mgonjwa anaweza kuhitaji dozi kubwa kwa siku nyingi hadi sumu iishe nguvu. Aliyekunywa dawa ya kuulia wadudu ya aina ya ogano-fosfeti akaanza kutetemeka hupewa diazepamu pamoja na atropini. Aliyezoea pombe kali kwa miaka na kuacha ghafla, kisha siku ya pili au ya tatu akaanza kutetemeka mikono na kuona vitu visivyokuwapo, hutulizwa kwa diazepamu, na huyo anaweza kufa akiachwa bila dawa. Ndiyo maana dawa hii imekuwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977.

Tena kwa watoto, ina mshindani. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, watoto 330 waliokuwa na degedege lililorefuka walipewa ama diazepamu kwa njia ya haja kubwa ama midazolamu iliyotiwa kati ya shavu na ufizi, na matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Diazepamu ilishindwa kwa asilimia 43 ya watoto na midazolamu kwa asilimia 30 hivi. Tofauti ilijitokeza hasa kwa watoto ambao hawakuwa na malaria. Midazolamu ni benzodiazepini pia, lakini yenyewe huyeyuka katika maji na haihitaji kumvua mtoto nguo mbele ya abiria wa daladala. Kwangu mimi jambo hilo la mwisho lina uzito sawa na asilimia. Diazepamu inabaki mezani kwa sababu ni ya bei nafuu na inapatikana mahali ambapo midazolamu haipatikani.

Mchangiaji wa nne (muuguzi, Bunia)

Wandugu, mimi niko Ituri, mashariki mwa Kongo, na jina la diazepamu kwetu lina historia ya uchungu ambayo nadhani wengi wa upande wenu hawakuisikia.

Kuanzia mwisho wa mwaka 2014 katika eneo la Adi, karibu na mpaka wa Uganda, watu walianza kufika vituoni na shingo zimepinda, uso umekakamaa, ulimi umetoka nje, macho yametazama juu. Wengi wao walikuwa watoto. Sisi wauguzi tukiona shingo ngumu na homa tunafikiria uti wa mgongo, yaani meninjitisi, na ndivyo ilivyodhaniwa. Maji ya uti wa mgongo yalipopimwa hayakuonyesha meninjitisi. Wagonjwa wakazidi. Madaktari Wasio na Mipaka walikuja, na mikojo ya wagonjwa ilipopelekwa kupimwa nje ya nchi ikakutwa na haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili, ambayo ikizidi hukakamaza misuli kwa namna hiyohiyo. Hakuna aliyeandikiwa haloperidoli. Walikuwa wamepewa vidonge kutoka kwenye makopo yaliyoandikwa diazepamu, na ndani ya makopo hayo diazepamu haikuwamo. Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari mwaka 2015. Hadi mambo yalipotulia, zaidi ya watu 1,000 walikuwa wamelazwa na wengine walifariki.

Ninachotaka kukisema ni hiki. Kopo la bandia ni kosa la aliyelitengeneza. Lakini watoto wengi kiasi hicho waliupata ubaya ule kwa sababu kidonge cha diazepamu kilikuwa kikitolewa kama karanga, mtoto akiwa na homa anapewa, akilia usiku anapewa. Dawa ingetolewa kwa waliokuwa na haja nayo tu, makopo yale yangewafikia watu wachache.

Mwanzisha mada

Ndugu yangu wa Bunia, nimeusoma mchango wako mara mbili. Nilijua habari hiyo kwa kuisoma tu. Hukuisoma wewe, uliwashika shingo wale watoto. Poleni sana.

Umesema jambo ambalo ningependa kila mwenye duka la dawa alisome. Homa peke yake haihitaji diazepamu. Mtoto anayelia usiku hahitaji diazepamu. Kidonge cha kumeza hakizimi degedege linaloendelea, na mtoto aliyepoteza fahamu akipewa kidonge anaweza kukivuta kwenye njia ya hewa. Nawaomba wasomaji pia wasinunue vidonge vilivyomwagwa kwenye karatasi bila pakiti. Jina, namba ya toleo na tarehe ya mwisho viwe machoni pako, na mgonjwa akikakamaa shingo au ulimi baada ya kumeza, vidonge vilivyobaki vipelekwe kituoni pamoja naye.

Mchangiaji wa tano

Mkuu, nisaidie. Mama yangu ana miaka 68. Miaka tisa iliyopita baba alipofariki, mama alikosa usingizi, akaandikiwa Valium miligramu 5 asubuhi na 5 usiku kwa wiki mbili. Wiki mbili zile hazikuisha hadi leo. Mwezi uliopita alianguka uani usiku, bahati hakuvunjika. Nikasoma mitandaoni kwamba dawa hii ni mbaya, nikamnyang'anya zote. Siku ya tatu alitetemeka mikono, akatoka jasho, hakulala kabisa, akawa anasema kelele za nje zinamchoma masikio. Shangazi akamrudishia. Sasa mimi nimekuwa mkosaji nyumbani, na mama anasema hawezi kuishi bila vidonge. Je, ni mraibu?

Mwanzisha mada

Kaka, kwanza niseme kwamba shangazi alifanya sahihi, na nakuomba usimwondolee tena ghafla, kwa sababu mtu aliyezoea benzodiazepini kwa miaka akikatiwa siku moja anaweza kupata degedege yeye mwenyewe, hata kama hajawahi kuwa na kifafa maishani mwake.

Tukumbuke ule mlango. Ubongo wa mama umeishi miaka tisa ukisaidiwa kila siku kuufungua. Katika muda huo umejipanga upya na kuipunguzia GABA yake mwenyewe nguvu, kwa kuwa msaada ulikuwapo. Ukiondoa msaada leo, milango inabaki mizito na seli zinawaka zote kwa pamoja: mikono inatetemeka, jasho linatoka, sauti na mwanga vinaumiza, usingizi unatoweka kuliko ulivyokosekana mwaka ule wa msiba. Mama anapoona hivyo anasema, "Mnaona, ugonjwa wangu umerudi," na anameza tena. Sehemu kubwa ya anachokiona siku hizo ni dawa ikidai nafasi yake. Siwezi kumwita mraibu mwanamke aliyefuata cheti alichopewa. Hakuongeza dozi, hakuitafuta kwa siri. Mwili wake umeizoea dawa, na hilo linamtokea yeyote atakayeimeza kila siku kwa muda mrefu. Miongozo mingi huweka kikomo cha wiki mbili hadi nne kwa matumizi ya wasiwasi au usingizi, kwa sababu hiyohiyo. Kosa lilikuwa la mfumo mzima wa kuandika dawa bila kuandika siku ya kuiacha, nasi wafamasia tuliomhudumia mteja yuleyule mwaka baada ya mwaka tukiwamo.

Uingereza walilikuta tatizo hili kabla yetu. Profesa Heather Ashton aliendesha kliniki ya watu waliotaka kuacha benzodiazepini mjini Newcastle kuanzia mwaka 1982 hadi 1994, na alichojifunza kutoka kwa wagonjwa wake ni kwamba wengi wanaweza kuacha iwapo dozi itapunguzwa kidogokidogo kwa kasi anayoiweza mgonjwa mwenyewe. Diazepamu ndiyo aliyoipendelea kwa kazi hiyo, hata kwa waliozoea dawa nyingine za kundi hilo, kwa sababu kutoka kwake polepole mwilini, tabia ileile inayomlewesha mzee mchana, humshusha mgonjwa ngazi kwa ngazi badala ya kumwangusha. Siku hizi wengi hupunguza kati ya asilimia 5 na 10 ya dozi kila wiki mbili hadi nne. Mama anayemeza miligramu 10 kwa siku ataanza na kupunguza miligramu moja, na hilo linawezekana kwa vidonge vya miligramu 2 vinavyokatika katikati. Akisumbuka, anasimama hapohapo wiki kadhaa. Harudi juu, na hakimbizwi chini. Inaweza kuchukua miezi mingi, hata mwaka. Daktari ndiye atakayeipanga ratiba hiyo na kuiandika.

Kuhusu kuanguka: ini la mtu wa miaka 68 haliiondoi diazepamu kama lilivyoiondoa akiwa na miaka 30. Dawa hulimbikizana, misuli inalegea, kumbukumbu inapungua, na akiamka usiku kwenda msalani miguu inamsaliti. Kabla hata ya kugusa dozi, wekeni taa uani na njia iwe tupu. Chunguzeni pia dawa nyingine anazomeza, zikiwamo za maumivu, na kama anatumia omeprazoli au simetidini kwa vidonda vya tumbo niambie, kwa sababu zinazuia ini kuivunja diazepamu na kuifanya miligramu 5 ifanye kazi kama zaidi ya hapo. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume chake.

Mchangiaji wa tatu (mkunga)

Kaka, mimi nitakuongezea la nyumbani. Usimfanye mama aone kwamba ananyang'anywa kitu. Mwache yeye mwenyewe akate kidonge, na yeye aweke alama kwenye kalenda. Na mzungumzeni habari za baba. Miaka tisa ni mingi kwa msiba uliowekewa kidonge juu yake.

Mchangiaji wa tano

Nimeelewa, na nimemwomba mama radhi jana jioni. Amekubali kwenda hospitali Alhamisi kwa sharti kwamba asiambiwe aache siku hiyohiyo. Mkuu, kweli anatumia omeprazoli, kila asubuhi, karibu miaka miwili sasa. Aliipata kwa vidonda. Je, nimwachishe hiyo kwanza?

Mwanzisha mada

Hapana, usiibadilishe hiyo wala nyingine yoyote kabla ya Alhamisi. Ukiiondoa omeprazoli, ini litaanza kuivunja diazepamu kwa kasi zaidi, na mama ataingia kwenye upungufu wa dawa bila mtu yeyote kupunguza kidonge. Beba pakiti zote mbili kama zilivyo, andika saa anazomeza kila moja na tarehe aliyoanguka, na umpe daktari karatasi hiyo kabla hajapanga punguzo la kwanza.